Chai ya Rangi ya Mama

Matinyani,
Kitui.
Jumapili, 9 Novemba 2025.

Mpendwa ndugu yangu Mbaluka,

Pokea salamu zangu, za Kisilu mume wangu, za watoto, na za mama ambaye hajui kwamba ninakuandikia. Hujambo huko Canada? Mke wako hajambo? Na huyo msichana wetu Nzisa, wajina wa mama, bado anakataa kuvaa kofia? Mwambie shangazi yake amesema baridi ya huko si mchezo na avae. Na mgongo wako uliokuwa unakusumbua kwa kubeba yale maboksi ya stoo, umepoa kweli au ulikuwa unaninyamazisha tu?

Sisi huku tunaendelea, Mungu ametushika. Mvua imekuja, tena si ile ya kutudanganya siku mbili halafu ikapotea. Kisilu amepanda ndengu, mbaazi na kunde, na mahindi kidogo kwa ubishi wake, maana kila mwaka mahindi yanamvunja moyo na kila mwaka anayapanda. Majani yamechipuka mpaka kando ya barabara. Yule ng'ombe mwekundu alizaa mwezi wa nane, na anatoa maziwa mpaka tunagawia majirani. Shika hapo kwenye maziwa, nitarudi.

Najua unajiuliza kwa nini dada yako anaandika barua kama watu wa zamani na simu iko. Mbaluka, simu ya mama haina siri. Ukipiga, anaiweka kwenye spika, anaita watoto, anaita jirani aliye shambani, ni kama mkutano wa chifu. Yangu nayo ikilia, anafika kabla sijaipokea, anauliza kama ni wewe. Na maneno niliyo nayo leo siwezi kuyasema akiwa hapo. Kwa bahati Sufian, yule kijana wa duka la nguo pale Kitui mjini, anarudi huko kwenu masomoni wiki hii, na amekubali kukuletea bahasha hii mkononi. Mpe chai akifika, ni mtoto mwenye adabu.

Sasa nikueleze ya mama. Kwenye simu tulikwambia kwamba aliteleza kidogo akaumia mkono. Hilo neno "kidogo" ni la mama. Alinikanyaga mguu chini ya meza nikiwa naongea na wewe, ndiyo nikalisema. Ukweli ni kwamba hakuteleza popote, ilikuwa kiangazi na kukavu kabisa. Tulikuwa tunatoka kanisani, akashuka ile ngazi moja ya mlangoni ambayo hata kuku anairuka, akakosea mguu, akatanguliza mkono. Kifundo kikavunjika pale pale. Nilikisikia, Mbaluka.

Nilipofikiria baadaye nikaona dalili zilikuwepo, ila nani huwa anaangalia mama yake kwa makini? Nguo zake zilikuwa zimeanza kuburuta chini. Ile gauni ya bluu uliyomtumia ilimfika vizuri kwenye vifundo vya miguu, na mwaka huu akaniomba niipandishe upindo kwa sindano. Nikaipandisha. Halafu akaniletea nyingine. Nikamtania, nikamwambia mama, kitambaa cha ulaya kinarefuka chenyewe, akacheka. Kumbe kitambaa kilikuwa vile vile, aliyekuwa anapungua ni yeye.

Hospitalini Kitui mjini tulihudumiwa na daktari mmoja anaitwa Bushra, mzaliwa wa pale pale mjini, mwenye upole ambao hata mama ulimshangaza. Alimfunga plasta, akaagiza picha ya mkono na ya mgongo pia. Picha ya mgongo ilipokuja aliiinua kwenye mwanga akanionyesha pingili mbili zimebonyea. Zilikuwa zimevunjika zenyewe, labda siku mama aliinua debe la maji, au gunia, au mtoto. Mama akasema anakumbuka kuumwa mgongo wakati wa kuvuna ndengu, lakini nani haumwi mgongo akivuna ndengu?

Daktari Bushra akaketi kabisa, akamuuliza anakula nini. Mama akajibu kwa fahari kama anayetoa ushuhuda. Asubuhi chai na mhogo au mkate. Mchana muthokoi wa mahindi yaliyokobolewa. Jioni ugali na mboga kidogo. "Chai ya maziwa?" Hapana, ya rangi. "Maziwa unakunywa saa ngapi?" Sinywi. "Maziwa lala?" Sinywi. "Una ng'ombe?" Ninaye, mzuri sana. Hapo daktari akanitazama mimi, na mimi nikatazama viatu vyangu.

Alitueleza kwa lugha ambayo hata mimi niliielewa. Alisema mifupa ni kama ghala. Ukiwa msichana unajaza, ukizaa na kunyonyesha unachota, na hedhi ikishakoma ghala linaanza kupungua lenyewe kwa haraka, utake usitake. Kama chakula cha kila siku hakirudishi kitu, mwili unaenda kuchukua pale pale kwenye mifupa, kimya kimya, miaka na miaka, na mwenyewe hasikii lolote mpaka siku anayoshuka ngazi. Akasema hakuna chakula kimoja cha muujiza. Ni maziwa, ni majani ya kunde na ya mchicha, ni samaki wadogo wanaoliwa na mifupa yao, ni mayai na ndengu na maharagwe ili nyama ya mwili isilegee, ni kupigwa na jua kidogo na kutembea. Mtu akivila toka ujana ndiyo vizuri zaidi, lakini hata mzee havili bure.

Kisha akaniita nje. Akaniambia mkono utapona. Anachoogopa ni nyonga. Mifupa ikiwa imekonda namna hiyo, akianguka kwa ubavu nyonga ikivunjika, wazee wengi hawasimami tena, na wengine hawamalizi mwaka. Alinishika bega akaniambia, "Dada Kavindu, asianguke, na ale." Hayo ndiyo niliyorudi nayo nyumbani, na mvua hii ikinyesha njia ya chooni inakuwa utelezi mtupu, sifungi jicho hata dakika moja. Nikisikia sufuria imeanguka tu, natoka mbio.

Basi nikaanza vita vya chakula. Omena, wale dagaa wa ziwani, nilizipeleka nimezikaanga na vitunguu na nyanya, tamu ajabu, mama akaziangalia akasema haya madudu yana macho na yananitazama. Nikamsagia, nikamchanganyia kwenye mboga asione. Akala, akasema mboga ya leo ina mchanga. Kunde hakunisumbua, anazipenda toka zamani. Uji wa wimbi anakunywa. Yai anakula, ingawa kwanza anauliza kama watoto wameshapata. Kila asubuhi Kisilu anamwekea kiti pale nje jua likiwa jepesi, na anatembea hadi kwa jirani, kina Ndululu, na kurudi, mimi nyuma yake kama polisi. Lakini maziwa? Hata kuyanusa. Akasema yanamjaza gesi. Sisi sote tumekua tukijua hivyo, si ndiyo? Mama na maziwa hawapatani. Nikaacha.

Daktari alikuwa ametupa pia vidonge, chupa nyeupe kubwa. Siku ile mama aliuliza ni vya nini, na daktari, katika kumrahisishia, akamwambia, "Mama, chukulia ni maziwa yaliyokaushwa yakawa kidonge." Mama akauliza tena, "Maziwa?" Daktari akatabasamu, akasema ndiyo, chukulia hivyo. Mama akaitikia kwa kichwa. Mimi mjinga nikafurahi kwamba tumeelewana.

Kila jioni nilikuwa nampa kidonge mkononi na kikombe cha maji. Alikuwa anaondoka nacho taratibu kwenda jikoni kwake. Chupa ikaisha kwa wakati wake. Tuliporudi kwa daktari kukatwa plasta, alimsifu sana, akatupa nyingine, na mama akaketi pale ameinua kidevu kama mtoto aliyeshika namba moja. Kumbe!

Mwezi uliopita mama mdogo Kalunde alikuja kutoka Mbooni kumjulia hali. Unamkumbuka alivyo, anamfuata mama moja kwa moja kuzaliwa, wamenyonya ziwa moja na kulima shamba moja. Mbaluka, ungewaona wamekaa pamoja ungelia. Mama mdogo amenyooka kama mlingoti wa bendera. Anapanda ile milima yao na kikapu cha parachichi mgongoni, na ukimwitia bodaboda anakutukana. Na mama wetu pembeni amejikunja, kidevu kinakaribia magoti. Nilijiuliza kimoyomoyo ni nini kimewatofautisha watu wa tumbo moja.

Mama mdogo alikuja na kibuyu cha maziwa lala, yale mazito ya kukatika, yenye harufu ya mkaa wa kibuyu. Akammiminia dada yake kikombe kikajaa. Mama akakisogeza kwangu. Mama mdogo akakirudisha. Mama akakisogeza kwa binti yangu Yvonne. "Dada," mama mdogo akamwambia, "wewe ndiye uliyekuwa unanipiga kwa ajili ya kibuyu cha mama yetu. Ulikuwa unalamba mpaka mfuniko. Gesi hii imetoka wapi uzeeni?" Mama akasema mambo hubadilika. Mama mdogo akanuna.

Ili nipoze mambo, nikasema wacha nimpe mama dawa yake. Nikachukua chupa ya vidonge pale juu ya kabati nikaitikisa nione vimebaki vingapi. Ndugu yangu, haki ya Mungu sijawahi kuona kitu kama kile. Kuku wote wa boma hili walitoka huko walikokuwa, nyuma ya choo, chini ya ghala, kwenye majivu, wakaja mbio na mabawa wazi, wakaingia ndani, wakanizunguka miguuni wakiangalia juu, wakiangalia chupa. Jogoo akaruka mpaka mezani. Nikatikisa tena. Wakazidi.

Nikamgeukia mama. Mama akaangalia mlangoni. Yvonne ndiye akasema, kwa sauti ndogo, kwamba bibi yake huvisaga kwa chupa ya soda juu ya mfuniko wa sufuria, huwaita kuku kwa kuitikisa chupa ya dawa na kuwamwagia. Na hapo ndipo nilipoelewa kwa nini mayai yetu siku hizi ukiyagonga kwenye ukingo wa kikaango ni kikaango kinachobonyea. Mama mdogo alicheka mpaka akashika mbavu, na mimi nikacheka. Mama peke yake hakucheka.

Nilipoona hivyo nikaacha, nikamwomba atuambie ukweli, kwa sababu mimi ndiye ninayeogopa kumkuta chini kila siku. Akatoa watoto nje, kuku pia. Akasema, "Daktari mwenyewe alisema ni maziwa. Mimi sinywi maziwa. Nilimpa Mungu."

Mbaluka, mwaka ulioondoka, Yvonne wangu alikuwa bado ananyonya, na sasa yuko Grade Six na ananishinda urefu. Siku ile ndege yako ilipoondoka tulirudi Matinyani na giza moyoni. Jumapili yake mama akabaki kanisani wote walipotoka, akapiga magoti, akamwambia Mungu atafunga kinywa chake na maziwa, hayatapita pale mpaka amrudishe Mbaluka aketi jikoni mwake. Alichagua maziwa kwa sababu ndiyo aliyoyapenda kuliko kitu chochote. Alisema kufunga nyama kungekuwa udanganyifu, maana nyama yenyewe hatuli.

Hiyo gesi ni hadithi aliyotutungia tusimsumbue. Miaka yote hii amekamua ng'ombe, amechemsha, ametupikia sisi chai, na kila asubuhi kabla hajaweka maziwa kwenye sufuria anajichotea kikombe chake kwanza, cha rangi. Tumemwona. Kila siku tumemwona, tukadhani mzee anapenda chai kali.

Mama mdogo alilia. Mimi sikulia siku hiyo, nilikasirika. Nilikimbia kwa pasta Musyoka, nikamleta na bodaboda, akamweleza mama taratibu na Biblia mkononi kwamba Mungu hapendi mifupa ya wazee ivunjike, na kwamba kanisa linaweza kumwombea afunguliwe. Mama alimsikiliza vizuri, akamkaribisha chai, yenye maziwa, akamwambia, "Pasta, asante. Lakini siku ile nilikuwa peke yangu na Mungu, wewe hukuwepo." Pasta akanywa chai akaenda zake. Ungemfanya nini?

Daktari Bushra naye nilimpigia. Alisikitika sana kwa yale maneno yake ya maziwa. Akasema vidonge si maziwa hata kidogo, ni madini tu, na akamwelezea mama mwenyewe kwenye simu. Mama akamwambia, "Binti yangu, usijali, hukukosea." Lakini vidonge hataki tena kuvishika, anasema Mungu si mtoto wa kuzungushwa. Tunamjazia kwa kunde na omena, na daktari anasema si haba, afadhali hivyo kuliko bure, ila mama anakula kama ndege na kwa hali aliyofikia hicho kidogo hakitoshi. Maziwa yako pale, yanaishia kwa watoto na mapaka, na yeye anapungua mbele ya macho yangu.

Sasa sikiliza vizuri, ndugu yangu, maana hapa ndipo nilipokuwa naenda toka mwanzo.

Siku ile mama mdogo alimuuliza, je, kama Mbaluka hatarudi? Nilidhani mama atakasirika. Hakukasirika. Alisema, "Mungu akisema hapana, hilo nalo ni jibu. Nitalia, nitamshukuru, nitakunywa maziwa yangu. Lakini hajasema hapana. Mbaluka amesema anakuja Desemba."

Kila mwaka unasema Desemba. Mwezi wa kumi na mmoja ukiingia, mama anakuwa mtu mwingine. Anapaka jikoni udongo mpya. Anachagua jogoo. Amekuwekea kigoda chako pale karibu na moto na hakuna mtoto anayethubutu kukikalia. Desemba inapita, wewe unapiga simu unasema mambo yameingiliana, labda Aprili, ila Desemba hiyo ijayo lazima. Naye anajichotea chai ya rangi mwaka mwingine.

Mwaka huu Januari uliniambia mimi ukweli. Kwamba makaratasi yako hayajatoka na hujui yatatoka lini, na ukikanyaga nje ya nchi hiyo hutaruhusiwa kurudi, na mke wako na mtoto wako huko. Ukaniambia unasema Desemba ili mama asikate tamaa. Mbaluka, mimi sikulaumu. Usidhani hata kidogo kwamba barua hii ni ya kukugombeza. Najua unavyomwaza. Najua simu ikikatika unakaa peke yako ndani ya gari lako kabla hujaingia kazini, mke wako aliniambia. Ulifikiri unampa mama kitu cha kushikilia. Hukujua kwamba anakilipia kwa mifupa yake. Sisi tulio naye hapa hatukujua, ungejuaje wewe wa mbali?

Kwa hivyo ninachokuomba ni kimoja, na ni kigumu. Kama kuna njia ya kuja, njoo, hata kwa wiki moja. Lakini kama njia haipo, na mimi naamini haipo, basi mwambie. Mwambie wewe, kwa mdomo wako. Nikimwambia mimi, atasema Kavindu ananidanganya ninywe. Usimwambie labda. Usimwambie Aprili. Mwambie, mama, siji Desemba hii, na sijui lini. Mwambie yote, makaratasi na mtoto na yote. Mama yetu ameshawazika wazazi wake na baba na dada yetu, si mtu wa kuvunjwa na neno. Kinachomvunja ni kungoja.

Piga Jumapili ijayo baada ya ibada, saa nane za huku. Nitawachukua watoto na majirani wote niwapeleke kwa mama Ndululu, mbaki nyinyi wawili tu na hiyo spika yake. Mimi nitarudi peke yangu niketi nje ya mlango wa jikoni. Nitakuwa nimeshachemsha maziwa. Atalia, na wewe utalia, wacheni mlie. Akimaliza nitaingia na kikombe.

Na wewe mwenyewe, kabla sijasahau. Daktari aliniuliza kama mama ana watoto wengine, akasema udhaifu wa mifupa unaweza kutembea kwenye familia. Mimi hedhi iko ukingoni, kwa hivyo nimejirudi, nakunywa glasi yangu kila siku na omena nakula na macho yake. Wanaume nao hauwaachi, ila unawafikia baadaye. Acha kulala mchana na kuishi kwa soda na chipsi za kazini. Jua likitoka huko, hata dogo, tokeni nje. Na Nzisa mdogo anywe maziwa yake asijifanye, maana ghala lake ndiyo sasa linajazwa.

Nisalimie mke wako sana, mwambie nampenda ingawa hatujaonana. Kisilu anakusalimu na kusema ile miembe mliyoipandikiza pamoja imezaa. Yvonne anaomba picha ya theluji. Mama mdogo Kalunde wa Mbooni anakusalimu, anasema ameshakusamehe ile ya kutompigia. Pasta Musyoka na kanisa zima wanakutaja kwenye maombi.

Mungu akufunike huko uliko, akupe ujasiri wa Jumapili, na akupe siku moja, akipenda yeye, ya kukanyaga udongo huu ukiwa umelowa mvua kama leo.

Wako akupendaye kuliko unavyojua,
Dada yako,
Kavindu.

N.B. Nilikuwa nimeshaikunja, mama akanikuta hapa nyuma ya ghala. Amekuja na mkongojo wake kwenye huu utelezi, peke yake, nusura nipige yowe. Ameuliza naandika nini. Nimemwambia ni salamu tu kwa Mbaluka. Amefurahi, ameketi kando yangu, akaniambia niandike maneno yake pia, nami nayaandika kama alivyoyasema: "Mwambie asihangaike na kukimbizana na nauli. Mwambie mimi nina nguvu bado. Nitamngoja."

Halafu ameinuka kutupikia chai. Kutoka hapa namwona kupitia mlangoni. Amechota kikombe chake kwanza, amekiweka kando, sasa anamimina maziwa kwenye sufuria kwa ajili yetu.

Piga simu, Mbaluka.